Barua ya wazi kwa TCRA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: mtambueni mtumaji mwenye jina

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.



Naandika kutoka Nyanda za Juu Kusini kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mkilitazama kutoka Dodoma au Dar es Salaam: barua pepe ambayo mwenye biashara anamtumia mteja wake wa zamani kumwarifu kwamba mzigo mpya umefika. Huku kwetu barua hiyo ina uzito wake. Vikapu vya milulu vya Iringa vina wapenzi Ulaya na Marekani, na anayeviuza huko hawezi kukutana nao sokoni. Mgeni wa Hifadhi ya Ruaha hupanga safari miezi mingi kabla, akiwa Ujerumani au Uholanzi, na maswali yake kwa kampuni ya utalii ya pale Iringa mjini huja kwa barua pepe. Anayeuza kahawa ya Mbeya na Mbozi kwa wachomaji wadogo wa nje, au parachichi za Rungwe kwa wanunuzi wa ng'ambo, naye hivyo hivyo. Kwa watu hawa orodha ya anwani za wateja ni mtaji kama ulivyo mtaji wa gari au stoo, na huchukua miaka kuijenga.

Hoja yangu ni moja. Kanuni zetu za kuzuia ujumbe usioombwa zimeandikwa kwa nia njema, na nyingi ni za haki. Lakini zinavyotekelezwa leo zinambana zaidi mtu mwenye jina, ofisi na namba ya mlipakodi, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kupatikana. Tapeli hana hata kimoja kati ya hivyo. Siombi kanuni zilegezwe. Naomba zitumike kumtambulisha mtumaji halali, ili mteja, Gmail na polisi waweze kumtofautisha na msumbufu, na ili yeye mwenyewe ajue bila kubahatisha anaruhusiwa nini na anakatazwa nini.

Nianze na sheria zenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la bidhaa au huduma ambalo hakuliomba, isipokuwa awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kutaja kusudi lake mwanzoni mwa ujumbe, na mpokeaji apewe njia ya kukataa ujumbe mwingine. Kisha sheria hiyo inafungua mlango mmoja wa busara. Ikiwa anwani ilipatikana katika mauzo au mazungumzo ya mauzo, tangazo linahusu bidhaa zinazofanana na zile za mwanzo, na mteja amepewa nafasi ya kujitoa mwanzoni na katika kila ujumbe unaofuata, basi anahesabiwa kuwa ameridhia. Mlango wa namna hii upo pia katika sheria za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2002, na upo Afrika Kusini. Marekani walikwenda mbali zaidi. Sheria yao iliyoanza Januari 2004 haidai ridhaa ya mwanzo kabisa. Inadai ukweli wa jina na kichwa cha barua, anwani halisi ya posta, na ombi la kujitoa litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Atakayekiuka anaweza kudaiwa zaidi ya dola 50,000 kwa barua moja. Kanada nao, tangu Julai 2014, wanataka ridhaa kwanza, ila mteja aliyekwishanunua anahesabiwa ameridhia kwa muda maalumu. Ukizilinganisha zote hizo, sheria yetu ya 2015 si mbaya. Naisema wazi ili isidhaniwe kwamba barua hii ni malalamiko ya watu wasiotaka kudhibitiwa.

Pembeni yake ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huo huo wa 2015, ambayo kifungu chake cha 20 kinataja ujumbe usioombwa kama kosa la jinai, lenye faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kifungu hicho kinamlenga anayetuma kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na maneno hayo ya nia ndiyo kinga ya mfanyabiashara mwaminifu. Lakini sheria zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza, na kinachofika mtaani ni kipande tu cha habari: kutuma ujumbe usioombwa ni jela. Neno "nia" hubaki kwenye karatasi. Mwenye duka la vikapu asiye na wakili anasikia adhabu, hasikii kinga, na anaamua kunyamaza.

Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Hii ilikuwa hatua kubwa na tuliihitaji. Inamtaka kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililotajwa wakati wa kuzikusanya, na inampa mwananchi haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Tatizo linaanza pale sheria mbili nzuri zinapokutana mezani kwa mtu mmoja, bila mtu wa kumwambia ipi inasema nini.

Chukueni daftari la wageni. Ingieni gesti au loji yoyote ya Mafinga, ya Tukuyu au ya Mbeya mjini, mtapewa daftari lenye mistari: jina, kabila au uraia, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya simu, siku utakazokaa, saini. Loji za watalii huongeza mstari wa barua pepe. Mgeni anajaza kwa sababu ameambiwa ni utaratibu, na anajua kwamba mkono wa serikali unaweza kulifungua daftari hilo siku yoyote. Mwaka unaofuata mwenye loji ana punguzo la msimu wa mvua, na ana majina mia kadhaa kwenye daftari. Je, awaandikie? Akisoma sheria ya 2015, anwani ilipatikana wakati wa mauzo, huduma ni ile ile, kwa hiyo akiweka njia ya kujitoa anaweza kudhani yuko salama. Ila mgeni hakupewa nafasi ya kukataa siku ile alipojaza, maana daftari halina mstari wa kukataa. Akisoma sheria ya 2022, kusudi la kukusanya lilikuwa kumsajili mgeni, si kumtangazia, na hilo peke yake linaweza kumfunga mikono. Mimi naona jibu la haki ni kwamba asiwaandikie wa kwenye daftari, na awaandikie wale waliofanya buking kwa barua pepe na kuulizwa waziwazi kama wangependa kupata habari za loji. Lakini hayo ni maoni yangu. Mwenye loji anahitaji jibu lenu, kwa maandishi, kwa Kiswahili, lenye mfano wa daftari hilo hilo ndani yake. Mstari mmoja uliochapwa chini ya fomu, wenye kisanduku cha kutia tiki, ungemaliza sehemu kubwa ya suala hili, na kuuchapa ni gharama ndogo.

Jambo la pili ni kibali cha kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kanuni za mwaka 2023, zilizo chini ya sheria hiyo ya 2022, zinamtaka anayepeleka taarifa binafsi nje aombe kibali cha Tume. Kwa benki au kampuni ya simu hilo linaeleweka, kwa kuwa taarifa za mamilioni ya Watanzania zikivuka mpaka taifa lazima lijue. Ila huduma nyingi za kutuma barua pepe kwa orodha, Mailchimp ikiwa mojawapo, zina seva zake nje. Mwuza kahawa mwenye wateja 200, wengi wao wazungu wanaoishi huko huko Ulaya, akipakia orodha yake humo, je, amesafirisha taarifa nje? Ukifuata maneno yenyewe, ndiyo. Ukifuata shabaha ya sheria, ni vigumu kuona ni Mtanzania gani amelindwa kwa kumdai kibali mtu huyo. Naamini Tume haikumkusudia. Basi iseme hivyo, kwa sababu mtu anayetaka kufuata sheria na kugundua kwamba hawezi kuifuata bila mwanasheria huanza kuiona sheria nzima kama kitu cha kukwepwa.

Sasa nije kwenye chujio la barua taka, ambalo kwa maoni yangu lina nguvu kuliko mahakama zote katika suala hili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti mapya kwa watumaji. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima athibitishe kikoa chake (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yake) kwa njia tatu za kiufundi, zinazojulikana kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC. Aweke kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja. Na wapokeaji wanaoziripoti barua zake kuwa taka wasifikie 3 katika kila 1,000. Biashara zetu hazifiki barua 5,000 kwa siku, kwa hiyo mtu anaweza kusema hayatuhusu. Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, hata mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na angalau uthibitisho mmoja kati ya SPF na DKIM, na anayekodi nafasi kwenye seva ya bei nafuu anashiriki anwani moja ya mtandao na mamia ya wengine. Mmoja wao akituma uchafu, anwani hiyo inaingia kwenye orodha nyeusi za mashirika kama Spamhaus, na barua ya mwuza vikapu inakataliwa Berlin kwa kosa la mtu asiyemjua.

Pili, na hili ndilo linalowaumiza wengi bila wao kujua, Google wamekaza uzi kwa anayetumia anwani ya bure ya gmail.com huku akituma kupitia mtambo wa kampuni nyingine. Tazameni mabango ya biashara kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi stendi ya Ipogolo, Iringa: jina la biashara, namba ya simu, na anwani inayoishia na gmail.com. Anwani hiyo inafaa kwa barua ya mtu mmoja kwa mmoja. Ikiingizwa kwenye huduma ya kutuma kwa orodha, mtambo wa Gmail unaona barua inayodai kutoka Gmail lakini haikutoka kwenye seva za Gmail, na inaweza kuangukia kwenye taka bila mtumaji kujulishwa. Mwenye biashara anahesabu barua 200 zilizoondoka. Anasubiri. Hakuna anayejibu, naye anahitimisha kwamba wazungu hawataki tena vikapu.

Mtasema, kwa haki kabisa, kwamba Google haiko chini ya TCRA. Ni kweli. Ila majina ya kikoa ya .tz yako ndani ya uwezo wa nchi hii, na mtu mwenye kikoa chake mwenyewe, kilichosajiliwa kwa jina linalolingana na cheti cha Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kikiwa na vile vithibitisho vitatu vimewekwa sawasawa, anakuwa amevuka sehemu kubwa ya vizuizi hivyo. Uthibitisho huo unamlinda mteja pia, kwa sababu inakuwa vigumu zaidi kwa tapeli kuandika barua kwa kikoa cha loji ya Iringa na kumtumia mgeni akaunti ya uongo ya kulipia. Wizi wa namna hiyo, wa kuiga barua ya mwenye hoteli wakati mgeni anasubiri ankara, umezoeleka duniani, na kila biashara ya utalii inapaswa kuuogopa.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: wananchi wamechoka. Hakuna mwenye simu nchini ambaye hajapata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Usajili wa laini kwa alama za vidole uliofikia kilele Januari 2020 ulipunguza nafasi ya kujificha lakini haukumaliza mchezo. Taarifa za TCRA zenyewe za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kama vinara wa majaribio ya utapeli, na Rukwa iko katika kanda yetu hii hii. Katika hali hiyo, nani atathubutu kuwatetea watu wanaotuma ujumbe kwa wingi?

Nalichukua pingamizi hili kwa uzito, na ndiyo maana nasema tuangalie ni hatua zipi zimefanya kazi. Namba 15040, ambayo mwananchi anaitumia kuripoti ujumbe wa kitapeli ili laini husika ishughulikiwe, inamfuata mhalifu kupitia kitendo chake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Miongoni mwa kero za mikopo ya aina hiyo ni mkopeshaji kuchota majina kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu, majirani na hata bosi wake ujumbe wa kumdhalilisha. Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, kwa kutumia majina na namba za watu zilizochukuliwa kutoka kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na ujumbe wa vitisho. Katika mifano yote mitatu aliyeguswa ni mtu aliyewaumiza watu wanaojulikana. Hakuna hata mmoja ambao ungehitaji muuza parachichi wa Tukuyu aogope kumwandikia mnunuzi wake. Tapeli wa Rukwa hasomi kifungu kinachomtaka ajitambulishe mwanzoni mwa ujumbe. Anayekisoma ni yule ambaye tayari alikuwa anajitambulisha.

Wapo pia wanaosema barua pepe imepitwa na wakati, watu wahamie WhatsApp na Instagram. Wengi wamehamia, na kwa wateja wa ndani ni sawa. Lakini kujenga biashara yote huko ni kupanga bidhaa kwenye kibaraza cha mtu mwingine: siku mwenye nyumba akifunga akaunti, kwa kosa au kwa makosa ya mashine yake, wateja wote wanapotea na hakuna ofisi Mbeya ya kwenda kuuliza. Orodha ya barua pepe ni ya mwenye biashara. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa kahawa wa nje, benki yake, wakala wake wa mizigo na mkaguzi wake wa ubora hutaka nyaraka na mazungumzo yanayohifadhika, na hayo bado yanakwenda kwa barua pepe.

Sitawasafisha wafanyabiashara wenzangu wa huku. Wapo wanaonunua orodha za namba, wanaookota anwani kwenye daftari za kamati za harusi, wanaotuma tangazo lisilo na njia ya kujitoa kisha wanashangaa watu wakiliita usumbufu. Mtu akisema "nitoe", mtoe leo. Anayepuuza ombi hilo hana haki ya kulalamikia sheria wala chujio, kwa sababu kila mpokeaji anayebofya "ripoti taka" anamharibia yeye na jirani zake kwenye seva ile ile. Msimchelee mtu wa namna hiyo.

Ninachoomba kinatekelezeka bila kurudi bungeni. Toeni mwongozo mmoja wa pamoja, TCRA na Tume, kwa Kiswahili cha kawaida, unaoeleza jinsi sheria hizi tatu zinavyosomwa kwa pamoja na kutamka kwamba mteja aliyenunua na kupewa nafasi ya kukataa anaweza kuandikiwa kuhusu bidhaa zinazofanana. Mwongozo huo uwe na mifano ya daftari la wageni, fomu ya buking, risiti na kadi ya duka, na useme lini kibali cha kupeleka taarifa nje hakihitajiki kwa biashara yenye orodha ndogo. Kwa kosa la kwanza la mtumaji aliyejitambulisha kwa jina lake halisi na aliyeweka njia ya kujitoa, onyo la maandishi lenye muda wa kurekebisha litangulie faini, na faini iachwe kwa anayerudia na kwa anayejificha. Na biashara inayokuja kujisajili kwenye Tume, ambayo tayari ina cheti cha BRELA, ipewe hapo hapo maelekezo ya kupata kikoa cha .tz na kuweka vile vithibitisho vitatu, ili usajili umpatie mtu kitu anachoweza kukitumia kesho yake asubuhi.

TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na mjini kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia ambacho vijana wake wanaweza kumwekea mtu SPF na DKIM kwa saa chache. Kazi hii inaweza kuanzia hapa, kwa kampuni za utalii za Iringa na wauza kahawa wa Mbeya, kabla ya kupelekwa mikoa mingine. Msimu wa kiangazi wa Ruaha huanza Juni na wageni huanza kuulizia safari miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mwongozo ukitoka kufikia Desemba utawakuta watu wakiandika barua zao za kwanza za mwaka.